Lebo Mia Tano za Sabuni

Nakutegea kitendawili kimoja, wala usikurupuke kujibu: nikikimeza kinanikaba, nikikitema napumua. Ukishindwa, mji utanipa mwishoni. Kwanza twende kwenye wizi.

Saa mbili asubuhi, boksi la lebo halikuwepo kwenye karakana ya chuo. Sabuni zenyewe zilikuwepo, vipande mia tano, vimepangwa kama askari wa gwaride.

Wanafunzi wa mawasiliano na biashara walikuwa wameipika sabuni ile muhula mzima kwa mikono yao. Mwalimu wao hakuamini biashara ya kwenye daftari. "Mteja hanunui notisi," alizoea kuwaambia. Saa nne mwenye maduka angekuja kuikagua, naye hapokei bidhaa isiyo na lebo.

Inspekta aliingia taratibu, macho sakafuni. Kituoni walimwita Kobe, wala hakukasirika. Kobe, alisema, ndiye huona kilichoanguka.

Alilikagua kufuli. "Halikuvunjwa. Funguo ziko ngapi?"

"Mbili," alidakia mkuu wa chuo. "Mmoja anao mwalimu. Mwingine anao huyu hapa."

Huyu hapa alikuwa binti ambaye wenzake walimbatiza Cherehani, kwa jinsi maneno yalivyomtoka. Leo uzi ulikuwa umekatika.

"Jana ulifunga saa ngapi?"

"Saa kumi na moja jioni, afande. Mchapaji alikuwa ameshaleta boksi."

"Ulilifungua?"

"Hapana. Tulitaka tulifungue leo, sote pamoja."

"Njia ya mwongo fupi!" mkuu alifoka. "Saa nne ikifika lebo hazijaonekana, ufunguo utaurudisha na chuo utakihama."

Machozi yalimlenga Cherehani. Kwao, yeye ndiye wa kwanza kuvuka lango la chuo. Mama yake alimwita "msomi wangu" hata mbele ya wageni.

Kobe alijikuna kidevu. "Mwizi gani huyu, anaacha nyama anaiba harufu?"

"Kundi la juisi hao, afande!" alipaza sauti mwanafunzi mrefu wa nyuma. "Tunashindana nao, wana wivu tu. Juisi yao yenyewe ina maji kuliko bomba."

Kobe aliandika neno "juisi", akalikata. Akaingia darasa la jirani.

Mwalimu alikuwa peke yake, ameshika kifutio. Ubaoni palikuwa na swali: *Mteja akirudi na malalamiko, neno la kwanza ni lipi?*

"Jibu lake nini, mwalimu?"

"Wanafunzi wangu wote wanalijua."

"Nimekuuliza wewe."

Mwalimu aligeuka. Alitembea kwenda dirishani. Kiatu kimoja kiligonga *ko*, kingine kikasema *cha*. *Ko, cha. Ko, cha.*

"Samahani, dada. Hebu inua mguu."

Karatasi ilikuwa imenata chini ya soli. Kobe aliibandua kwa koleo dogo, akaitia kwenye bahasha ya vielelezo. Alipoisoma mashavu yalimtetemeka, akajikohoza kuficha kicheko. Alitoka nje kumpigia simu mchapaji, kisha akawakusanya wote karakanani.

"Lebo hii inasema hivi: *Sabuni laini ya kuogopea*."

Kicheko kikaanguka kama masufuria.

"Sisi tuliandika *kuogea*!" alisema Cherehani.

"Na nani aliichapa kwenye kompyuta?"

Macho yote yalimgeukia mwalimu.

"Kompyuta ilinirekebishia neno," alisema kwa sauti ndogo.

"Mchapaji anasema nakala ya mwisho ina sahihi yako. Kompyuta haitii sahihi, mwalimu."

Mwalimu alikaa kwenye stuli. "Nilikuja alfajiri nizipange, niwashangaze. Nikafungua boksi, nikasoma. Miaka kumi na moja nawachorea watoto wa watu makosa kwa wino mwekundu. Nikaona leo watanicheka mimi. Boksi nimelifungia kabatini kwangu. Nilitaka nikazichapishe upya kabla hamjafika, lakini mchapaji hufungua saa tatu."

"Na uliposikia huyu binti anatuhumiwa?"

"Ulimi ulikuwa mzito, afande. Kila nikiufungua mdomo, unajifunga."

Mkuu wa chuo alitazama viatu vyake. "Binti, ufunguo kaa nao," alisema. "Na chuo ni chako."

Mlango ukafunguliwa. Mwenye maduka, mama wa makamo, aliingia akaichukua lebo mkononi mwa Kobe bila kuomba ruhusa.

"Ya kuogopea? Anaogopa nani?"

Uzi wa Cherehani ukarudi sindanoni. "Uchafu, mama! Ukiisikia tu harufu yake, unahama wenyewe na virago vyake. Nusa. Povu lake usiniulize, shika maji hapa uone mwenyewe. Na lebo sahihi tutakuletea wiki ijayo."

Mama yule alinusa, akanawa, akacheka hadi akashika meza. "Nachukua zote. Na lebo hizi hizi! Mteja akishacheka, ameshanunua."

Wanafunzi waliruka. Kundi la juisi, lililokuwa likichungulia dirishani, likapiga makofi pia.

Boksi lilirudishwa na mlalamikaji hakuwepo tena, basi Kobe akafunga daftari lake. Mlangoni aligeuka.

"Swali langu la ubaoni bado, mwalimu."

Mwalimu aliweka kifutio chini. Akatembea, *ko, ko*, hadi mbele ya Cherehani, akamshika mikono yote miwili.

"Nimekosea, mwanangu," alisema, akapumua.