Saynab wa Ukutani

Soko Mugdi la Garissa lilikuwa limefurika, hata pa kukanyaga hapakuonekana, Saynab alipoigonga ngazi kwa jerikeni lake la maziwa ya ngamia. Tone la rangi ya buluu likadondokea dera lake la manjano.

"Walaal, dada yangu, nisamehe!" Kijana aliyekuwa juu akashuka mbio. "Naitwa Sakariye, mwalimu wa kuchora. Jumamosi napamba kuta za maduka."

"Leo umenipamba na mimi," Saynab alisema, akashangaa sauti imetoka wapi. Yeye ambaye hata bei ya maziwa huitaja kwa kunong'ona!

Tangu siku hiyo simu haikupoa.

"Umekunywa chai, macaan?"

"Bado, mwalimu."

"Kunywa, mpenzi. Ukikonda, nani atanigongea ngazi?"

Sakariye alimsimulia alivyolelewa na mjomba wake huko Nakuru, akichapwa kwa kuchora ukuta wa jikoni kwa makaa, mpaka akasomea ualimu na kurudi Garissa kwa watu wake. Saynab naye akakiri kuwa shule aliiachia darasa la tano. Sakariye hakucheka. Kesho yake alimletea daftari na penseli, akamfundisha kuchora ngamia. Usiku Saynab alilikumbatia lile daftari, akasema alhamdulillahi.

Kisha asubuhi moja akajikuta amechorwa ukutani, kwenye duka la maziwa. Macho yake, jerikeni lake, na kichwani shaash, kitambaa cha mwanamke aliyeolewa!

"Hongera, bibi harusi!" Khadijo, muuzaji mwenzake, akapiga kigelegele. "Mume umemficha wapi, abaayo?"

Soko zima likacheka. Habari hizo zingemfikia baba yake huko Masalani kabla ya adhuhuri, na jina la msichana likichafuka halifuliwi. Saynab alizima simu siku tatu.

Siku ya nne Sakariye akaja na kopo la rangi nyeupe, macho mekundu.

"Wallahi sikujua maana ya shaash, nimekulia mbali. Nilimwona mama mwenye duka amekifunga kichwani, nikaona kitakupendeza. Nafuta sasa hivi."

Saynab alimtazama yule mwanamke wa ukutani. Yule hakuwa ameinamisha kichwa. Hakuna mtu aliyewahi kumwona yeye hivyo. Shukrani zikamjaa kifuani.

"Weka brashi chini. Chukua wazee wako, nenda Masalani kwa baba."

"Akikataa?"

"Utafuta."

"Na akikubali, macaan?"

Saynab alimtazama usoni, bila kukwepa.

"Basi hukukosea. Uliwahi tu."