Mpira wa Gesi Nilioanikia Suruali

"Huyu hapa ndiye aliyeua tanuri."

Kidole cha shemeji kiko usoni kwangu. Bosi ananitazama. Dada yangu, tumbo moja, anatazama sakafu...

Jamani mnaonisoma, siku hiyo nilitamani ardhi inimeze.

Niwaeleze kidogo. Mimi shule niliiacha mapema. Dada ndiye aliyesoma mpaka vitabu vikamchoka yeye. Akaniombea kazi kwenye maabara yake, kubeba mitungi ya gesi na kufagia. Mumewe, huyo shemeji, ni fundi wa jengo hilohilo.

Dada anaotesha nanotyubu za kaboni. Ni vinyuzi vyembamba, kimoja kimoja hukioni kwa macho. Unaweka chembe za chuma juu ya kipande cha plastiki ngumu, unakiingiza kwenye bomba la kioo ndani ya tanuri, unapitisha gesi. Gesi inavunjika, kaboni inaota juu ya chuma kama nywele. Vikiota vingi unaona zulia jeusi.

Wengine wanaotesha kwa moto mkali. Dada alitaka moto mdogo, kwa sababu mkali unayeyusha plastiki.

Na alikuwa ameweza!

Halafu ghafla... hakuna. Kipande kinaingia, kinatoka na masizi tu. Leo hivyo, kesho hivyo. Bosi akasema kesho asubuhi kusipoota kitu, anafunga chumba.

"Nimemwona akichezea mtambo," shemeji akakazia.

"Mimi, shemeji?"

"Mikono yako haijawahi kutulia."

Nikamgeukia dada. "Dada, sema basi. Nimewahi kugusa kitu chako?"

Akageukia tanuri lake.

"Dada..."

"Nenda nyumbani," akasema taratibu. "Funga begi lako."

Sina nyumba nyingine. Mama alipofariki, yeye ndiye alinilea. Nitafunga begi niende wapi?

Nikafunga hivyohivyo. Nimekaa kwenye godoro, machozi yananitoka kama mtoto, mlango ukafunguliwa. Dada.

"Umemaliza ku..."

Akakwama. Anatazama juu ya kichwa changu, kwenye kamba yangu ya nguo. Suruali yangu inaning'inia.

"Hiyo kamba umeitoa wapi?"

"Huo mpira? Kwenye pipa la taka pale kazini. Au na taka mtaniitia mwizi?"

Akaushika. Akaupapasa kama anapapasa mgonjwa.

"Huu ni mpira wa gesi wa tanuri langu. Unapita nyuma, ukutani, hauonekani. Kuna mtu kaweka mpya."

"Sasa mpya si ndio mzuri?"

"Huu umechoka, unapitisha unyevu wa hewa. Kidogo sana. Kwenye moto mdogo masizi yanafunika chuma, chuma kinakufa kabla hakijaotesha. Ule unyevu ulikuwa unakisafisha, na mimi sikujua."

"Kwa hiyo ubovu ndio ulikuwa dawa?"

"Toa suruali yako hapo."

Mpira kwenye jengo lile anafunga mtu mmoja tu. Hatukumtaja.

Asubuhi dada akaufunga ule mpira mchakavu kwa mkono wake. Bosi kakunja mikono. Tukasubiri... tanuri likapoa... dada akavuta kipande.

Cheusi ti! Laini kama manyoya ya paka.

Bosi akatoka, ila funguo za chumba akaziacha mezani.

Shemeji alikuwa mlangoni. "Mke wangu, ule mpira ulichakaa. Nilitaka kukusaidia tu."

"Nilikuuliza kama umegusa kitu. Ukasema hapana."

Akainamisha kichwa, akaondoka.

Mimi nikavimba kifua, nasubiri kuombwa msamaha.

"Umeona sasa, dada? Sio mimi."

"Nilijua sio wewe."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Tangu mwanzo," akasema. "Wewe ukiharibu kitu unajisema kabla hujaulizwa. Yeye nilimuuliza, macho yakakimbia."

"Halafu ukanifukuza mimi?"

"Wewe nikikufukuza utarudi. Yeye..."

Akarudi kuchungulia zulia lake.

Sasa nyinyi nawaambia. Watu wakitafuta wa kubebeshwa mzigo, wanamchagua yule wanayeamini hana pa kwenda. Usiwe rahisi hivyo, hata kwa damu yako.

Lile begi sikulifungua tena. Naandika haya nikiwa nimeegemea ukuta wa stendi. Suruali bado haijakauka vizuri.

Dada amepiga simu tena na tena. Sijapokea.