Pamba ya Violeth na Kidonda cha Ndalahwa

Jumamosi ile soko la Bariadi lilijaa mpaka watu wakawa wanapita ubavu ubavu. Violeth, binti wa maabara ya zahanati, alivaa gauni la kitenge cha njano na mtandio mpya. Mbele yake kijana mrefu, fundi wa kuezeka, alishusha bati begani likamkata muundi. Damu ikaruka. Violeth hakuuliza jina. Alivua mtandio akamfunga.

"Dada, mtandio mzuri hivi unaumalizia kwenye mguu wa fundi?"

"Tulia hapo. Mwingine utanunua wewe."

Akanunua kweli, mwekundu. Jina lake Ndalahwa. Simu zikaanza.

"Umekula, mama wa maabara?"

"Nimekula. Kidonda je?"

"Kinakuulizia wewe tu."

Lakini wiki ya tatu kidonda kilikuwa bado kibichi. Bundala, jirani wa kina Ndalahwa, akasema wazi kisimani kwamba kile kimetumwa kwa uchawi, na aliyekituma analala nyumba moja na kijana. Alimsema Nyanjige, mama yake Ndalahwa, mjane mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka arobaini. Huku kwetu tunajua neno la namna hiyo linaweza kumfikisha wapi mama mzee.

Ndalahwa alipokuja zahanati, Violeth alimuuliza, "Nani anakiosha?"

"Mama. Kila alfajiri, maji ya moto na chumvi. Anasugua mpaka utando wote unatoka."

"Basi mkono wa mama ndio unaokizuia kupona."

Ndalahwa akasimama. "Hata wewe, Violeth?"

Akaondoka akichechemea. Siku nne hakupokea simu. Violeth alisali, akalia kidogo, na Jumapili baada ya ibada akaenda mwenyewe, kitambaani amefunga bonge la pamba. Uani alimkuta Nyanjige, Bundala kwenye kigoda kaja kuchungulia, na Ndalahwa mlangoni akitazama pembeni.

"Mwadila, mayu," akamwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwadila, mwanangu. Karibu kiti."

Hakukaa kitini. Alipiga magoti karibu na mama, akachambua pamba.

"Mayu, kwenye damu kuna protini zinazosafiri moja moja, kama hizi zilizotawanyika. Askari wa mwili, zile chembe nyeupe, wanazipita kama hawazijui." Akasokota pamba pajani. "Mtu akiumia zinashikana, zinakuwa uzi, nyuzi zinakuwa wavu. Zikishashikana, panafunuka mahali palipokuwa pamefichwa. Hapo ndipo askari anapata pa kushika, anapanda, wenzake wanamfuata. Mguu ukivimba na kupata joto, ndio wamefika kazini."

"Na mimi?"

"Wewe kila alfajiri unang'oa wavu. Askari wanakuja, hawana pa kushika."

Nyanjige aliuvuta ule uzi mpaka ukakatika. "Kumbe ni usafi wangu."

"Ni usafi tu, mayu. Hakuna kingine." Violeth alisema akimtazama Bundala.

Bundala akainuka. "Ngoja nikaangalie ng'ombe."

"Ng'ombe wako wana mchungaji," Nyanjige akamwambia taratibu. "Kaa usikie vizuri, ili na hili ukalipeleke kisimani."

Bundala akakaa.

Ndalahwa alimsindikiza Violeth mpaka barabarani. "Nilidhani umeungana nao."

"Ungeniuliza. Kumtetea mama hakujaniudhi. Kutopokea simu ndiko kulikoniudhi."

"Nipigie sasa hivi, uone nitakavyopokea."

"Na salio lako mwenyewe utanunua lini?"

Wakacheka. Tangu siku hiyo Nyanjige alikimwagia kidonda maji safi polepole, akafunika kwa kitambaa kisafi, na mkono wake akauzuia. Mwezi haujaisha, kidonda kikafunga, likabaki kovu jembamba.

Jumamosi iliyofuata mama alivaa kitenge chake cha Pasaka, akapita sokoni katikati yao wawili, kichwa juu. Kila aliposalimiwa, alimwambia mwanawe, "Pandisha suruali, waone." Waliliona kovu, na Bundala naye aliliona.

Walipofika penye mabati Ndalahwa akasimama.

"Violeth, miaka thelathini nimepita moja moja, kama zile protini zako. Nioe nikuoe, vyovyote, ila tushikane."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Wote."

Violeth alirekebisha mtandio wake mwekundu, akanyoosha mkono. Nyanjige akaifumbata mikono yao miwili kwa ule mkono wake uliosemwa kisimani.

"Huu wavu," akasema kwa sauti ya kusikika, "sitausugua."