Karatasi ya Jumamosi

Kemunto aliliona jina lake chini ya mstari saa moja na nusu asubuhi, Jumatatu, Novemba 4, 1996, kwenye ubao wa chumba cha chai cha ghala lao la Shakopee, Marekani. Timu nne zilikuwa juu ya mstari, zikisubiri mtoano wa Novemba. Yake ilikuwa ya tano, imepungukiwa pointi mbili.

Asiyeujua mchezo huu asicheke. Ni mpira wa Marekani wa kwenye karatasi: unachagua wachezaji wa kweli, nao waking'ara Jumapili unapata pointi. Kila timu hupumzika wiki moja, na ukisahau kumtoa mchezaji wake unaambulia sifuri. Pale ghalani bingwa hakupewa kikombe. Idara iliruhusu mtu mmoja tu kwenda likizo Desemba, na wafanyakazi walikubaliana bingwa ndiye aende. Mama yake Kemunto alikuwa apasuliwe huko Kisii Desemba kumi na mbili.

"Wachezaji wangu wawili wanaopumzika niliwatoa Ijumaa," alimwambia Tulia.

Tulia alikuwa mkaguzi wa mizigo, Mtanzania wa Mbeya. Kazi yake ilikuwa kulinganisha karatasi na kilichomo kwenye boksi. Jina ni Tulia, lakini kutulia hakujui. Chai aliiacha mezani akamwendea Harrison, katibu wa ligi, mwenye ufunguo wa sanduku la karatasi za vikosi.

Harrison alitoa karatasi mbili zenye jina la Kemunto, zote zimegongwa kwenye saa ya mahudhurio kama sheria yao ilivyotaka. Ya kwanza Ijumaa, saa nane na dakika arobaini mchana. Ya pili Jumamosi, saa tisa na dakika kumi alasiri, kwa herufi kubwa tupu. Iliyohesabiwa ni ya mwisho. Hiyo ilirudia kikosi cha wiki iliyopita kilichobandikwa ukutani: wawili wa timu zilizopumzika, na mkimbiaji aliyeumia ambaye Kemunto alikuwa ameshamwacha kabisa.

"Alimwacha kwa simu Ijumaa, nikamfuta mimi mwenyewe daftarini," Harrison alisema. "Nilipomwona tena nikadhani amechanganywa na mawazo ya mama yake."

Tulia hakukubali. Kemunto ni Msabato. Tangu jua la Ijumaa lizame hadi lizame la Jumamosi hagusi kazi wala mchezo, sembuse kuja Shakopee kugonga karatasi.

Macho yalimgeukia Eliakim, mwanaligi mwenzao aliyepanda nafasi ya nne Kemunto aliposhuka. Tulia alimhoji mbele ya watu. Eliakim alijibu kwa uchungu kwamba yeye pia ni Msabato, na saa tisa ile alikuwa anaimba kwaya. Kemunto alithibitisha, alikuwa amekaa kiti cha pili kanisani. Tulia aliona haya, akamwomba radhi.

Kadi za mahudhurio zilionyesha wanaligi wawili tu walikuwa kazini Jumamosi: Harrison, na Abdulbasit wa Mombasa, dereva wa forklifti, aliyeongoza ligi. Harrison angeghushi, asingemrudisha mkimbiaji aliyemfuta kwa mkono wake.

Saa sita na robo mchana Tulia aliiweka karatasi mbele ya Abdulbasit, Kemunto na Harrison wakiwa pembeni. Abdulbasit alisema watu wengi hupita pale. Njia ya mwongo ni fupi.

"Aliyeandika hakujua mkimbiaji huyu ameachwa," Tulia alisema. "Na hakujua Kemunto hawezi kuandika Jumamosi. Kaka Harrison anajua yote mawili."

Abdulbasit alimtazama Kemunto. "N'lidhani Jumamosi ni off yako tu, kama watu wengine."

Kisha akaeleza yote. Kemunto alikuwa amemfunga mara mbili msimu ule, naye aliogopa kukutana naye kwenye mtoano. Alikuwa na binti wa miaka minne Mombasa, aliyezaliwa baada ya yeye kuondoka, anayemjua kwa sauti ya simu tu.

"Ulijua mamangu anapasuliwa," Kemunto alisema.

"N'lijua. Ndo maana sikukwambia habari ya mtoto. Tungepima shida zetu, na mimi ningeshindwa."

Harrison alihesabu upya kwa karatasi ya Ijumaa, akalifuta jina la Abdulbasit ubaoni. Hakuna aliyepinga. Tulia alikuwa amepata alichokitafuta, na bado moyo ulikataa kukaa.

"Mtoto anaitwa nani?" Kemunto aliuliza.

"Fatimah."

"Nikishinda, kutoka Kisii nitashuka hadi Mombasa nimwone. Ukiwa na zawadi nitabeba. Lakini akiniuliza kwa nini babake hakuja, mimi sitamdanganya."