Picha Iliyotundikwa Chini

Jua lilikuwa linazama nilipofunga kibanda changu Mtaa wa Sikukuu, nikabeba fremu begani na nyundo mfukoni. Wachukuzi wa sokoni walikuwa wanasukuma mikokoteni mitupu kurudi makwao. Mmoja akanitania, "Augustino, umebeba mlango wa nani?" Nikamwambia ni mlango wa mdomo wake, aufunge. Fremu ilikuwa kubwa kweli. Ndivyo alivyoitaka Devendra.

Devendra alikuwa na duka la vitambaa, na juu ya duka ndiyo nyumba yake. Mkewe wa kwanza, Jasvanti, alifariki mwaka uliotangulia. Homa, tuliambiwa, na mwili ukachomwa upesi hata majirani hawakuuona. Sasa alikuwa ameoa binti kutoka Tanga, Jyotsna, na picha ya binti huyo ndiyo niliyoibeba. Ilikuwa ikae kwenye chumba cha kusomea cha Devendra, mahali pa picha ya marehemu.

"Iwe kubwa kama ile," alinisisitizia. "Isipungue hata kidogo. Utaniletea tu, nitaitundika mwenyewe."

Maneno hayo yaliniudhi. Mimi picha iliyopinda inaninyima usingizi. Nitengeneze fremu ya mninga, nipige msasa mpaka ing'ae, halafu muuza vitambaa aipigilie ukutani kama anatundika kapu la vitunguu? Hapana. Nilipanda ngazi nimeshaamua kuitundika kwa mkono wangu.

Jyotsna ndiye aliyenifungulia. Alikuwa mwembamba, macho mekundu ya mtu asiyelala.

"Bwana yupo?"

"Yuko chini, anafunga duka." Akachungulia ngazi nyuma yangu, akanong'ona, "Ingia upesi, fundi. Ishushe ile kabla hajapanda."

Chumba kilikuwa na meza ya kuandikia, rafu ya vitabu na dirisha la kuelekea sokoni. Kuta tupu zilikuwa tele, zenye mwanga mzuri. Lakini picha ya Jasvanti ilikuwa pembeni kwenye giza, nyuma ya mlango, imeinama upande. Tena chini mno! Uso wake ulinifika kifuani. Kwenye fremu lilining'inia koja, shada la vipande vya mti wa sandali vilivyotungwa kwenye uzi.

"Kwetu koja ni la picha ya aliyekufa," Jyotsna alisema. "Aliye hai, picha yake haivishwi. Kamwe."

"Sawa, mama. Nitalitoa."

"Nina picha yangu ndogo pale mezani, fundi. Kila magharibi nakuta koja liko juu yake."

Nikacheka kicheko cha kujitia ushujaa. "Nani analiweka?"

"Ningejua, ningekuwa na macho haya?"

Nikavua koja, nikaliweka kitini. Fremu yangu mpya niliiegemeza kwenye meza, nyundo nikaiweka juu yake. Kisha nikaishika picha ya Jasvanti kwa mikono miwili, nikaivuta.

Harufu ikatoka ukutani. Harufu ya machinjioni...

Chokaa nyuma ya picha ilikuwa imekwaruzwa. Mistari mirefu ilishuka kutoka kimo cha shingo ya mwanamke, mingine ikiwa na wekundu uliokauka. Na ndani ya mstari mmoja ulikwama ukucha mzima, umepakwa rangi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ilikuwa chini vile. Devendra aliitundika pale kuziba ukuta.

"Fundi..." Jyotsna alinishika mkono. Kidole chake kilielekea kwenye meza.

Kiti kilikuwa kitupu.

Koja lilikuwa kwenye fremu yangu mpya, limeuzunguka uso wa Jyotsna.

Naapa, sikuligusa. Wala yeye hakuligusa.

Mlango ukabamizwa. Devendra alikuwa amesimama pale, funguo za duka mkononi. Akatazama ukuta, akatazama koja.

"Nilikwambia nitaitundika mwenyewe," alisema taratibu.

Nyundo yangu ilikuwa mezani. Aliifikia kabla yangu. Pigo lilinipata sikioni, nikaanguka na mdomo umejaa damu. Kutoka sakafuni nilimwona akimkamata Jyotsna shingoni, akimsukuma mpaka ukutani, palepale, juu ya mistari ileile. Miguu ya Jyotsna ikaacha sakafu. Kucha zake zikaanza kukwaruza chokaa.

Kwaru... kwaru... kwaru...

Nilijaribu kusimama, nikaanguka tena. Nililia, sioni haya kusema. Binti wa watu anakufa mbele yangu, nami natambaa tu!

Kisha nikasikia mkwaruzo mwingine.

Huo ulitoka ndani ya ukuta.

Koja likateleza kutoka kwenye fremu. Likavuka sakafu, vipande vya sandali vikigongana polepole, likapanda mgongoni mwa Devendra. Alipouhisi ubaridi wake shingoni, alimwachia Jyotsna ili alivue. Uzi ukakaza. Ukazama nyamani. Akavutwa, mwanaume mzima, uso wake ukabamizwa ukutani, ukarudishwa, ukabamizwa tena, mpaka pua ikapasuka na chokaa ikalowa. Alikwaruza mpaka kucha zikang'oka. Alikoroma kama mbuzi aliyechinjwa kwa kisu butu.

Alipotulia, uzi ulikatika, na vipande vya sandali vikamwagika juu yake.

Polisi walipokuja, Jyotsna aliwaambia mumewe alishikwa na wazimu, akatupiga, kisha akajigonga ukutani mwenyewe. Koja hakulitaja. Nami sikulitaja. Sikio langu la kushoto halijasikia kitu tangu siku ile.

Baada ya msiba akaniita tena. Alitaka fremu ya picha ya Devendra, kubwa kama ile.

Nilifika magharibi, moyo hautaki. Ukuta ulikuwa vilevile, na sasa juu ya mistari myembamba kulikuwa na mipana.

"Mama, paka chokaa," nilimwambia. "Au hama kabisa. Rudi kwa wazazi wako Tanga."

"Nilikwenda." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ukuta wa kitandani kwangu ukaanza kukwaruzwa. Hapa angalau najua Devendra alipo."

Nilipima ukuta vizuri, kisha kwa mara ya kwanza maishani nikapigilia msumari chini kwa makusudi. Nikaitundika, nikainyoosha. Jyotsna akaivisha koja jipya, akasogeza kiti, akaketi akiitazama.

Kwaru... kwaru...

Nilisikia kwa sikio langu zima. Mkwaruzo mzito, wa vidole visivyo na kucha.

"Mwache," Jyotsna alinong'ona. "Jasvanti amemshika. Ninachoogopa ni siku atakayochoka."

Nilitaka kutoka mle ndani haraka. Nikainama kukusanya misumari yangu, nusu yake nikaiacha sakafuni. Nilipoinua kichwa, picha niliyoinyoosha sasa hivi ilikuwa imepinda. Upande wake wa chini ulikuwa umeachana na ukuta, mkono ungeweza kupita.

Mkwaruzo ukakoma.

"Unasikia, fundi?" Jyotsna aliuliza, macho ameyafumba. Kwa mara ya kwanza nilimwona akitabasamu. "Ametulia."

Koja halikuwa tena kwenye picha. Lilikuwa limelala mapajani mwake, na alikuwa bado hajaliona.