Jina Lake Liko Kondoa

"Zablon, leo uko wapi?"

Zablon alicheka, tonge mkononi. Alikuwa amekaa sebuleni kwa mchumba wake Hilda, Area D jijini Dodoma, wakila ugali na mlenda mchana wa Jumatano.

"Si niko mbele yako?"

"Na Kondoa yuko nani?"

Hilda alimgeuzia kompyuta. Alikuwa mtaalamu wa mifumo katika ofisi moja pale Mtumba, na wiki ile alikuwa ameandika skripti, yaani faili dogo la amri zinazojiendesha zenyewe. Kazi yake ilikuwa kupita kwenye seva za wilayani, kuorodhesha walioingia, na kuwatoa waliosahau kutoka, maana walikuwa wanaziba nafasi za wenzao. Kwenye orodha ya Kondoa, anakofanyia kazi Zablon, jina lake lilikuwa la tatu. Limeingia saa mbili asubuhi, na mpaka dakika ile linafanya kazi.

Zablon akainamia kioo, uso karibu ukiguse, akasema labda mfumo umekosea. Hilda hakubishana naye. Aliandika ujumbe, akautuma ukatokee kwenye kioo cha huyo aliyeko Kondoa: "Hapa Mtumba. Nani anatumia akaunti hii?"

Haikupita dakika mbili, simu ya Zablon ikaita. Joha. Hilda akaipokea, akaweka spika.

"Zablon, wameshanishtukia," sauti ya kike ikasema kwa haraka. "Umeshamwambia Hilda, au bado?"

Zablon akaichukua simu, akaikata.

Hilda alijua atakachosikia. Wasichana wengi wameshakisikia. Akanawa mikono, akakaa, akasubiri.

Lakini alichosikia kilikuwa kingine. Zablon alikuwa na presho ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha karibu lote, na ruhusa alizokuwa akiomba kazini aje Dodoma zilikuwa za kliniki. Kwa miezi minne Joha, mama wa watoto watatu anayekaa meza ya jirani ofisini, alikuwa akimwingizia takwimu kwa akaunti ya Zablon, kwa sababu mwenyewe alishindwa kutofautisha tatu na nane.

"Harusi ni mwezi wa tisa," Zablon alisema. "Nilitaka tufunge kwanza, halafu nikuambie."

"Yaani ulitaka niingie, nikishajua nisiweze kutoka."



Hilda akaifunga ile akaunti palepale. Akamwambia taarifa ya akaunti hiyo ataipeleka Ijumaa, kwa hiyo ana siku mbili za kumwandikia mkuu wake mwenyewe, aeleze ugonjwa na amtetee Joha. Kisha akamwomba aende. Jioni alimpigia baba yake, mzee Yotham, akamwambia harusi isimame. Mzee aliuliza kama kuna mwanamke. Akajibu hapana, akaaga.

Barua iliandikwa. Joha alipewa onyo, Zablon akahamishiwa dirisha la kupokea wananchi, kazi ya kusikiliza zaidi kuliko kusoma. Hilda aliyajua hayo kazini. Miezi miwili hawakupigiana simu. Mwezi wa tisa ukapita, na Jumamosi iliyokuwa ya harusi aliimaliza akifua mapazia.

Mwezi wa kumi ukaingia ujumbe wa sauti wa Zablon kwenye simu yake:

"Hilda, nimetoka kliniki sasa hivi. Kushoto hakurudi tena. Kulia wanasema watajaribu upasuaji. Mama sijamwambia. Nimeanza na wewe."

Akausikiliza mara mbili. Akaandika: "Upasuaji lini?"

"Alhamisi."

"Nitaomba ruhusa."

Alhamisi alimkuta kwenye benchi la hospitali, na karatasi ameishika kichwa chini miguu juu. Akaichukua, akamsomea yote, hata mstari unaosema upasuaji unaweza kushindikana. Zablon akauliza kama bado anataka kubaki. Hilda akasema swali hilo ndilo alilopaswa kuulizwa tangu mwanzo.

Muuguzi akatoka na fomu.

"Dada, wewe ni nani wake?"

"Mke wake," Hilda akasema. "Kanisani bado. Nipe nisaini."