Mgeni wa Mstari wa Nyuma

Jumapili ile kiti kimoja cha plastiki, mstari wa nyuma karibu na mlango, kilikuwa kimetanua miguu kama kimekaliwa na mtu mnene, na hakuna aliyekuwa amekikalia. Wayua alikiona. Viti vingi vya kanisa lao la mabati pale Kitengela vilikuwa vimechoka, kwa hiyo akageuza uso akaendelea kuimba.

Wiki hiyo redio hazikuwa na habari nyingine. Wataalamu walikuwa wamethibitisha kwamba ishara iliyonaswa kutoka mbali huko kwenye nyota ilitungwa na viumbe wenye akili. Basi kila mwenye kanzu na kila mwenye tai akapata la kusema. Askofu mmoja alisema ni viumbe wa Mungu na wana roho. Mwingine alisema ni mapepo watupu. Sheikh mmoja alisema wao walishaambiwa zamani kwamba binadamu hayuko peke yake. Mzee Meitamei, aliyemletea Wayua maziwa kila asubuhi, alipoulizwa yeye anaonaje, alijibu akiwa anamimina: "Enkai, Mungu wetu, ako na boma mingi, na si yote tumealikwa." Wayua aliona huyo wa maziwa amewashinda wote.

Mchungaji Wachira hakukubali kupitwa. Ulipofika wakati wa wageni kusimama, alipandisha suruali, akashika kipaza sauti.

"Sisi hatuogopi mtu," alisema. "Wageni wetu wasimame tuwakaribishe. Na kama kuna mmoja ametoka huko juu kwa nyota, hata yeye asimame. Hii nyumba ni ya wote."

Watu wakacheka. Kisha plastiki ikalia, na miguu ya kile kiti ikajinyoosha polepole, kama inavyojinyoosha mtu mzito anapoinuka. Harufu ikaja nyuma yake, harufu ya maziwa yaliyosahauliwa kwenye jerikeni juani. Waliokuwa karibu waliziba pua. Hata hivyo desturi ni desturi, wageni hupigiwa makofi, nao wakapiga.

Mume wa Wayua, Nzau, ndiye aliyesimamia kamati ya ukaribisho. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa mzaha, na mtu msafi kupindukia. Kila jioni alisugua mikono kwa sabuni ya unga na mchanga mpaka ikang'aa, na hiyo harufu ya sabuni na chuma ndiyo Wayua aliyoipenda tangu wakiwa wachumba. Baada ya ibada Nzau alipeleka kikombe cha chai na mandazi, akaviweka kwenye kile kiti kitupu.

"Karibu mgeni, usione haya," alisema, na vijana wa kwaya wakacheka tena.

Wayua aliporudi kukusanya vyombo, chai ilikuwa imebaki nusu, na juu yake palikuwa na utando mzito wenye nyuzinyuzi. Mandazi yalikuwa yametafunwa yakawa uji, kisha yakafinyangwa upya yakarudishwa kwenye sahani yakiwa na pembe zake tatu. Akavisukuma mbali kwa kidole.

"Mwaga hiyo kitu," alimwambia Nzau.

"Chai ni chai," Nzau alijibu. Hakupenda kitu kipotee. Akainywa yote kwa mkupuo mmoja, akajifuta mdomo.

Kufikia Jumatano Nzau alikuwa ameacha kunawa. Ngozi ya shingo yake ikawa na unyevu usiokauka, na nzi waliotua hapo hawakuruka tena. Usingizini alijilamba viganja kwa sauti, na mashuka yakashikamana. Lakini kilichomtisha Wayua zaidi kilikuwa mezani, kwa sababu kila jioni, jua likiwa bado halijazama, Nzau alisukuma kiti nyuma, akasimama wima mikono imeshikana tumboni, akasema kwa adabu na kwa sauti iliyotoka chini sana ya koo lake, "Bwana asifiwe kanisa, mimi ni mgeni, nimetoka mbali, asanteni kwa kunikaribisha," kisha akaketi, akatafuna ugali na nyama akiwa amefumba macho, akautema wote kiganjani, akaufinyanga, akaurudisha kwenye sahani kama ulivyokuwa, akauinua tena na kuutafuna mara ya pili na ya tatu, na ute ukimchuruzika mpaka kwenye viwiko, na Wayua akiwa amekaa mbele yake hawezi kula wala kuondoka, kwani yule aliyekuwa akimtazama kati ya tonge moja na jingine, kwa macho mawili yaliyojaa hofu, alikuwa mume wake kabisa.

Jumapili ya pili wageni walipoitwa, Nzau akasimama katikati ya washiriki. Akasema maneno yale yale. Simu zikainuliwa kumpiga picha.

Wayua alimfuata mchungaji nje, kando ya tangi la maji. "Pastor, huyo si Nzau. Tuombee, hiyo kitu itoke."

"Mama Mbeke, tulia," alisema Wachira, akimwita kwa jina la binti yake aliyekuwa shule ya bweni, na jasho la furaha lilikuwa linamtoka. "Dunia nzima inabishana kama hawa viumbe wanaweza okoka. Na sisi tuko na mmoja hapa, anasema Bwana asifiwe. Wiki ijayo ni meza ya Bwana. Akisimama mara ya tatu tunamwandika mshiriki, kama kila mtu."

"Na bwanangu?"

"Bwanako ni chombo."

Wayua alitamani kumtemea mate. Alijua utaratibu wao: mgeni wa Jumapili tatu si mgeni tena, na asiye mgeni hafukuzwi. Alikuwa na siku saba za kumpata Nzau, au ampoteze.

Alhamisi akajifunga leso kichwani akaenda kwa Ustadh Musau, Mkamba mwenzake aliyeuza asali karibu na msikiti. Alisimama mlangoni kwa aibu, kwani hakuwahi kufikiri siku moja atamletea Mwislamu shida za kanisa. Ustadh alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mimi sio mganga," alisema. "Na sijui kama huyo wenu ametoka kwa nyota ama kwa shimo ya choo. Kwamba kuna viumbe wengine, hiyo hainisumbui, Mungu haishiwi. Lakini si kila kiumbe ni wa kuletwa ndani. Mmempa nini?"

"Chai. Na mandazi."

"Na nini ingine?"

"Tulimpigia makofi."

Ustadh alifumba macho kidogo. "Bado ni mgeni, mama, na mgeni ako na mwisho. Mfungie nyumbani hii Jumapili, asisimame. Usimpe chakula kwa mkono wako, usimpe jina, usimpe kazi. Usimpe kitu yoyote inapewa mtu wa nyumba. Atachoka, aende."

Wayua alirudi mbio, vumbi likimjaa mdomoni. Alikuwa amemwacha Nzau na mama mkwe, Kaveke, aliyefika kutoka Kajiado siku iliyotangulia, kizee asiyemwogopa mtu wala mnyama.

Alimkuta Nzau nyuma ya nyumba, shati limevuliwa, analima. Jembe lilipanda na kushuka kwenye udongo mweusi, na alikuwa ameshapindua nusu ya ploti. Kaveke alikuwa ameketi kivulini, ameridhika.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema Kaveke. "Nilimwambia, kama wewe ni mgeni, hapa kwetu tunalima. Nikamshikisha. Hiyo ilikuwa dawa. Mgeni mvivu ametoroka."

"Mama, umempa jembe?"

"Si unaona mtoto wangu amerudi?"

Nzau akageuka. Shingo ilikuwa kavu. Alikuja mpaka karibu, na Wayua akasikia harufu ya sabuni na chuma. "Mama Mbeke," alisema, jina ambalo hakuwa amelitaja siku kumi na moja, "hii njaa niko nayo si ya mchezo." Wayua akalia kwa furaha palepale, na maneno ya ustadh akayatupa pamoja na aibu yake. Jioni ile Nzau alikula kama mtu, na hakusimama. Asubuhi Mzee Meitamei aliyaweka maziwa nje ya geti, akaenda zake bila salamu. Wayua alidhani ana haraka.

Jumapili ya tatu kanisa lilijaa mpaka nje. Mchungaji Wachira alikuwa amevaa suti mpya. "Wageni wetu wasimame," aliita, akimtazama Nzau.

Nzau alikuwa ameketi kando ya mkewe, amekunja mikono. Hakuinuka. Mchungaji aliita mara ya pili. Wayua akamshukuru Mungu kimoyomoyo.

"Basi leo hatuna mgeni," Wachira alisema, na uchungu ulisikika. "Wote tulio hapa ni wenyeji."

Mkate wa meza ya Bwana ukapitishwa. Nzau akachukua kipande chake kama washiriki wengine, akafumba macho, akatafuna.

"Mwambie jirani yako, tuko nyumbani," alisema mchungaji.

Kanisa lote likageukiana. Wayua alisikia plastiki ikilia. Akatazama chini, akaona miguu ya kiti cha mume wake imetanuka mpaka tumbo la kiti linakaribia sakafu. Nzau akautema mkate kiganjani, akaufinyanga ukawa mraba mdogo kama ulivyotoka kwenye sahani. Akauweka, ukiwa na uvuguvugu na utelezi, katika mkono wa Wayua, akamfunga vidole kimoja kimoja kwa mikono yake misafi. Wayua alitafuta macho yaliyokuwa yakimwangalia mezani kwa hofu. Hayakuwa na hofu tena, na hayakuwa ya mtu anayemjua.

"Tuko nyumbani, Mama Mbeke," alimwambia. "Kula."